Ukumbi mwembamba wa Kiponda

Nyumba iko Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ndani kabisa, uchochoro ambao watu wawili wakikutana na mmoja ana beseni kichwani, mwenzake hana budi kujibanza ukutani. Ina chini na ghorofa mbili. Chini pamepangishwa ghala la vitambaa, juu kabisa wanalala wajukuu, na ghorofa ya kwanza anakaa mwenyewe: mwalimu mstaafu, mjane wa miaka sabini na kitu, aliyezaliwa humo na kuolewa humo. Ana watoto watatu. Mmoja yuko Maskati, mmoja Dar es Salaam, na binti wa mwisho anakaa naye.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza na kupanga ndani ya nyumba, na aliyeniita si yeye. Ni yule wa Maskati. Alinipigia mwezi wa Mei, masika bado yananyesha, kisha akanitumia picha kwenye simu. Nilizihesabu: thelathini na moja, na zote za hoteli. Vitanda vya besera vyenye chandarua nyeupe iliyofungwa kwa utepe, taa za shaba zilizotobolewa, matakia ya zafarani na zambarau, makasha ya njumu mguuni mwa kitanda. "Mama amechoka na ile nyumba ilivyo," akaniambia. "Nataka mtu akiingia tu ajue yuko Zanzibar."

Agizo hilo nimelisikia mara nyingi katika kazi hii, na safari hii nilikuwa nimeshaanza kulitekeleza. Ndiyo maana nakieleza kisa chote, pamoja na pale nilipokosea.

Kwanza niseme juu ya zile picha, maana sizidharau. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa zinaanguka, na wabunifu waliozigeuza hoteli walikusanya vitu vya pande zote zilizoujenga mji huu: kasha na besera, vioo vya rangi vya juu ya milango ya Kihindi, majlisi ya Kiomani ya kukaa chini, mkeka wa ukindu. Walivipanga kwa jicho zuri, na kazi zao zimeokoa kuta na milango ambayo leo isingekuwepo. Lakini mtindo ule umetengenezwa kwa ajili ya mgeni wa siku tatu. Mgeni huyo hana vyungu, hana nguo za harusi za miaka arobaini, hana jirani anayepanda na sahani ya futari, wala hasomi hitma.

Nilichokikuta

Nilikwenda mara ya kwanza siku ya mvua, nikiwa na tepu tu na daftari. Ukumbi una urefu wa mita 8.20 na upana wa mita 2.60. Asiyeijua nyumba ya Mji Mkongwe ataona aliyeujenga alikosea, chumba kimekuwa kama behewa. Hakukosea. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ikishapindukia kiasi cha mita tatu haifai tena kubeba sakafu ya mawe na chokaa iliyo juu yake. Kwa hiyo upana wa chumba umeamuliwa na mti. Urefu ndio uliokuwa hiari ya mwenye nyumba. Chumba kirefu chembamba, dari ya juu, ukuta mnene wa nusu mita na zaidi: mtindo unaanza hapo, kabla hujafika kwenye taa wala takia.

Ndani ya ukumbi huo palikuwa na seti nzima ya makochi, la watu watatu, la wawili na la mmoja, yale manene ya mikono mipana. Kochi moja lina kina cha sentimita 90. Ukiyapanga yakabiliane pande mbili za ukuta, kati zinabaki sentimita 80, na hapo katikati ilikuwa imewekwa meza ya kioo. Binti alipoleta chai alipita ubavu ubavu, trei kaiinua juu ya mabega. Mama mwenye nyumba hakukaa kwenye kochi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha.

"Pale naona nakabwa," akaniambia. "Na hapa angalau napata upepo, japo dirisha lenyewe wameniharibia."

Waliomharibia ni mafundi waliopita miaka kadhaa nyuma, kwa nia njema na kwa pesa za mwanawe huyo huyo. Waling'oa madirisha ya mbao wakatia ya alumini ya kusukuma. Dirisha la kusukuma halifunguki zaidi ya nusu yake. Kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine, basi. Kwenye madirisha matatu ya ukumbi huo, mama alikuwa amepoteza sawa na dirisha moja na nusu la hewa, tena katika nyumba isiyokuwa na kiyoyozi na inayotegemea kaskazi na kusi kupita upande huu na kutokea uani. Na nadhani hawakupitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, chombo kilichoundwa mwaka 1985 na ambacho ruhusa yake ni lazima kwa mabadiliko kama hayo. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na dirisha la kila nyumba ni sehemu ya urithi huo, hata la uchochoroni.

Nikatazama kuta. Ukuta wa kaskazini ulikuwa umefura. Rangi ya plastiki imetoka malengelenge, mengine yamepasuka, na chini yake unga mweupe unamwagika kwenye vigae. Kila mwaka kabla ya Ramadhani binti alikuwa akikwangua na kupaka rangi upya. Kila masika ukuta unarudi kule kule.

Nilirudi na fundi mwashi, mzee ambaye amefanya kazi ya chokaa tangu kijana. Hakutoa chombo chochote mwanzo. Alipita na kifundo cha kidole akigonga ukuta, tak, tak, tak, na ghafla sauti ikabadilika ikawa nzito na tupu. Akarudi nyuma, akagonga tena, akachora duara kwa mkaa. Alipochomeka patasi ukingoni, plasta ya saruji iliachia kipande kizima kama sahani, ikaanguka. Nyuma yake udongo wa zamani ulikuwa umelowa hata kidole gumba kiliacha alama. Mzee akachota ule unga mweupe, akaugusa kwa ncha ya ulimi.

"Chumvi," akasema. "Ukuta huu umefungwa pumzi."

Maelezo yake ndiyo ninayowapa wateja mpaka leo. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Hunywa maji, kisha huyatoa. Maji hutoka chini ardhini, hutoka kwenye bati bovu, hutoka chooni, na plasta ya chokaa huyaacha yatoke polepole hewani. Saruji haiyaachi. Ukiipaka saruji juu, na juu ya saruji rangi ya plastiki, maji yanabaki ndani na kutafuta pa kutokea, yakibeba chumvi ya matumbawe na ya mchanga. Chumvi ikifika karibu na uso wa ukuta hukauka ikawa fuwele, fuwele hukua, na kukua kwake ndiko kunakosukuma rangi na plasta nje. Hakuna rangi ya bei yoyote inayoshinda hilo.

Chanzo cha maji tulikipata siku hiyo hiyo: mlizamu wa bati la juu umeziba kwa majani na manyoya ya kunguru, maji yote ya upande ule yanateremkia ukutani. Lakini la kutisha zaidi lilikuwa upande wa choo. Vigae vipya vilitandazwa juu ya saruji nzito, na saruji juu ya sakafu ya zamani, na chini yake ncha za boriti tatu zimeoza mle zinamoingia ukutani. Tangu Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Seyyid Barghash la mwaka 1883, liporomoke sehemu tarehe 25 Disemba 2020, mwenye nyumba yeyote mjini ukimwambia boriti imeoza hukuuliza swali moja tu: nyumba itaanguka? Mama naye aliliuliza. Nikamjibu kwamba itasimama, lakini choo kile kisitumike mpaka tuibebe sakafu yake kwa magogo.

Mchoro wa kwanza

Hapa ndipo nilipopotea. Nilijua ukuta unataka nini, lakini kwa ukumbi wenyewe nikazifuata picha za Maskati. Nilichora majlisi: matakia ya chini pande tatu, meza fupi ya kuchongwa katikati, na mwisho wa chumba ukuta wa jipsamu wenye televisheni na taa za kufichwa. Ulikuwa mchoro mzuri. Kijana wa Maskati aliupenda, akanijibu usiku ule ule.

Nikaupeleka kwa mama. Aliuweka mapajani, akauangalia muda mrefu, kisha akaweka kidole mwisho wa chumba.

"Mwanangu, huu mlango umeuziba."

Ulikuwa mlango wa ngazi ya nyuma, unaotokea uani. Mimi niliuona kama mlango wa ziada, kwa sababu siku zote mbili nilizokwenda nilipokelewa kwa ngazi ya mbele. Lakini mimi ni mwanamme na ni mgeni, nitapokelewa wapi kwingine? Majirani zake wa kike wanapanda kwa nyuma. Watoto wa chuo wanaokuja kusomeshwa naye Kurani jioni wanapanda kwa nyuma. Akiwa na mgeni wa kiume mbele, binti yake anaingia na kutoka kwa nyuma bila kuonekana. Nilikuwa nimeiondoa stiri ya nyumba nzima ili nipate pa kutundika televisheni.

Kidole kikasogea kwenye matakia.

"Na mimi kwa magoti haya, hapo chini nikishakaa ataniinua nani?"

Kisha kwenye meza ya kuchongwa.

"Na hitma ya baba yao nitaisomea wapi? Wanakuja wanawake arobaini. Majamvi nayatandika juu ya meza?"

Alisema kwa upole, bila kunivunja moyo, na kila neno lilikuwa sahihi. Nilikuwa nimemtengenezea mwanawe picha, na nilipokuwa naitengeneza sikumuuliza mama anaitumiaje siku yake. Nikamwomba radhi, nikauchana ule mchoro, nikamwomba anieleze siku moja tangu alfajiri mpaka anapolala. Kisha anieleze siku ya hitma. Kisha siku ya Idi. Tulizungumza saa tatu, na daftari la siku hiyo ndilo lililokuwa mchoro wenyewe.

Tulivyofanya

Kazi ilianza mwishoni mwa Juni, kipupwe kimeingia. Chokaa haipendi masika: inaganda kwa kuvuta hewa ya ukaa, taratibu, na ukuta uliojaa maji hauiachi ishike. Wala haipendi jua kali siku za mwanzo, ndiyo maana kila asubuhi na jioni kijana mmoja alikuwa na kazi ya kurashia maji kuta na kutundika magunia mabichi madirishani. Chokaa yenyewe ilikuwa imeshalowekwa kwenye pipa wiki nyingi, imekuwa laini kama samli ya baridi. Tulizibua mlizamu kwanza, tukabadili bati mbili, ndipo tukabandua saruji yote ya ukumbi mpaka kwenye jiwe, tukauacha ukuta uchi wiki tano. Kijana wa Maskati alihangaika. Kila siku anauliza mbona hakuna kinachoendelea. Kinachoendelea ni kukauka, nikamwambia, na hakiharakishwi.

Katika kubandua huko ndipo tulipopata zawadi ya kazi hii. Ule ukuta wa ndani uliokuwa umenyooka, fundi alipougonga ulilia utupu mahali tisa, na mahali sita kati ya hapo tulikuta mashubaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, yaliyozibwa kwa matofali ya saruji ili ukuta uwe sawa. Watu wa Lamu huyaita zidaka. Tulipotoa tofali la kwanza, ndani mlikuwa na masizi juu na tone la nta chini. Mama akaitwa. Akatia mkono ndani akapapasa.

"Hili la taa," akasema. "Mama yangu alikuwa akiweka kandili hapa. Nilidhani nimeliota."

Mashubaka hayo si pambo la jana. Salme binti Said, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake vyumba vya nyumba kubwa za Unguja ambavyo kuta zake zimegawanywa kwa mashubaka yaliyopangwa vyombo vya kaure na vya vioo, pamoja na vioo vikubwa vya kujitazamia na saa. Utajiri wa nyumba uliwekwa ndani ya ukuta wenyewe, hauchukui hata shubiri ya sakafu. Katika chumba cha upana wa mita 2.60 hilo ni jambo la maana sana. Mama alikuwa na kabati kubwa la vioo limejaa vyombo vya harusi yake na vya mama yake, linakula karibu nusu mita ya chumba. Vyombo vyote vilivyostahili kuonekana vilihamia kwenye mashubaka sita: sahani za bluu, mabuli mawili, dele la kahawa la shaba. Kabati likaenda kwa binti juu.

Makochi yaliuzwa. Badala yake tulitengeneza baraza ya mbao upande mmoja tu wa ukumbi, kina cha sentimita 60, kwenda juu sentimita 43, kipimo tulichokipata kwa kumkalisha mama mwenyewe juu ya mbao na vitabu mpaka akasema magoti hayamuumi. Nilikataa kuijenga kwa mawe kama baraza ya nje, kwa sababu ya uzito juu ya boriti. Chini yake ina mifuniko, ndani mnawekwa majamvi na mito ya wageni. Kati ya baraza na ukuta wa mashubaka sasa kuna mita mbili kamili, urefu wa ukumbi mzima, hakuna kitu ila mkeka. Siku za kawaida mtu anapita na trei yake bila kugeuza bega. Siku ya hitma majamvi yanatoka, wazee wanakaa juu ya baraza, wengine chini, na arobaini wanaenea kwa kubanana kidogo, kama hitma zote.

Mlango wa nyuma ulibaki, na tukautia pazia zito. Televisheni iko, pembeni, juu ya kasha la bibi yao. Madirisha ya alumini yalitoka, na safari hii tulipitia ruhusa ya Mamlaka ndipo tukatia ya mbao yenye luva zinazogeuka, yanayofunguka yote na kuacha upepo upite hata yakifungwa. Kutani tulipaka chokaa tu, mikono mitatu, nyeupe, hakuna rangi ya plastiki wala skimu. Kijana aliona kuwa ni nyeupe mno. Nilimwomba asubiri kuziona saa kumi za jioni, mwanga unapoingia ubavu kupitia luva. Ukuta wa chokaa uliopigwa kwa mkono una mawimbi madogo, na mwanga huyachukua kwa namna ambayo jipsamu haina.

Boriti tatu zilibadilishwa, sakafu ya choo ikapunguzwa uzito kwa kutoa tabaka zote za saruji. Hilo lilikula pesa zilizotengwa kwa taa za shaba na mapambo yote ya kwenye picha. Halionekani na hakuna atakayelipiga picha, lakini ndilo ninalolala nikiwa na amani nalo.

Kitanda cha besera nilikitafuta, kwa kuwa kijana alikitaka kwa moyo. Nilikuwa nimeshapeleleza bei ya kipya Darajani na kwa maseremala wawili, ndipo mama akaniuliza kwa nini ninunue wakati chake kipo. Kilikuwa stoo, kimefunguliwa vipande, kitanda cha harusi yake, chenye vioo vya kuchorwa maua kichwani. Kioo kimoja kimepasuka na nguzo moja imeliwa na mchwa. Seremala alichonga nguzo mpya kwa kuitazama ya pili yake; ukikaribia utaiona ilivyo nyepesi rangi. Kioo kilichopasuka tulikiacha.

Kijana alikuja Idi. Alikaa kwenye baraza, akatazama huku na huku, akauliza taa za shaba ziko wapi. Dada yake akamwonyesha choo. Alicheka, kisha akainuka akaenda moja kwa moja kwenye shubaka la mwisho, akatia mkono ndani kama mama yake alivyofanya. Hakulijua, alipozaliwa lilikuwa limeshazibwa. Aliuliza tu lilikuwa la nini, na mama akamweleza habari ya kandili tangu mwanzo.

Kuna mambo mawili hayajaisha. Mama anafukiza udi kila Ijumaa, chetezo anakiweka ndani ya shubaka lile la taa, na moshi umeshaanza kuweka weusi juu yake. Nilimwambia chokaa ya akiba ipo kwenye pipa, binti anaweza kupaka wakati wowote. Akaniambia niache.

Na kona ya kaskazini, chini ya mlizamu, bado inatoka doa kila mvua kubwa inaponyesha, doa la ukubwa wa chano. Safari hii linakauka lenyewe baada ya siku mbili tatu, na chumvi inayotoka inafutwa kwa brashi kavu. Fundi anasema ukuta ule ulikunywa maji miaka mingi na haujamaliza kuyatoa. Nitarudi mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, niuguse kwa kiganja.